Forsyth au Condon: njama ipi inakushika zaidi?

Katika The Day of the Jackal (1971), mwisho unaujua kabla hujafungua kitabu: muuaji anakodiwa amuue Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa, lakini de Gaulle wa kweli hakuuawa, alijifia nyumbani kwake mwaka 1970. Bado huwezi kukiweka chini, maana Frederick Forsyth anakuonyesha kazi yenyewe hatua kwa hatua. Muuaji anatafuta makaburini jina la mtoto aliyefariki, analitumia kuombea pasipoti. Bunduki anaificha ndani ya gongo la kutembelea.

The Manchurian Candidate (1959) ya Richard Condon inatisha kwa njia nyingine. Raymond Shaw karudi shujaa kutoka vita vya Korea, kumbe akili yake imetekwa: akiona karata ya malkia wa uru, anatii lolote. Mimi nampendelea Forsyth. Utaratibu wake unaaminika zaidi.