Miezi minne na programu ya sukari kwenye simu

Nauza vitenge soko la Kibuye, hapa Kisumu, na sukari nimeishi nayo miaka sita. Binamu yangu ndiye aliyeniwekea programu ya kuandika vipimo. Jina la programu nalihifadhi.

Kwa kazi yenyewe sina neno. Asubuhi nadunga kidole, naingiza namba, nayo inachora mstari. Mstari huo ndio uliofichua siri yangu: usiku nikila omena na ugali, asubuhi nakuta sukari imepanda, 11 na zaidi. Omena haina kosa, ni ule mlima wa ugali. Hata daktari alifurahi, maana mwandiko wangu hausomeki.

Sasa zile ruhusa. Ilitaka majina yote ya simuni, mahali nilipo na meseji zangu. Kudunga kidole na namba ya shemeji vinahusiana vipi? Nilibonyeza kukubali tu, mteja alikuwa amesimama mbele yangu anavuta kitenge. Wiki ya tatu matangazo ya mitishamba ya "kumaliza sukari kabisa" yakanijaa. Halafu wakala akapiga: "Mama, tuna bima nzuri ya watu wa sukari." Siwezi kuapa kwamba ni wao waliovujisha. Lakini hata shemeji zangu hawajui naugua, na fomu nyingine sijajaza.

Ndipo nikasoma masharti, Kiingereza cha kuchosha macho. Chini kabisa: data inaweza kupewa "washirika". Washirika gani, hawasemi. Google ilipotaka kuinunua Fitbit, kampuni ya saa za kupima afya, Umoja wa Ulaya uliibana ikaahidi kwamba kwa miaka 10 haitatumia data za afya za watumiaji wa huko kwa matangazo yake. Kondele ya hapa Kisumu haimo kwenye ahadi hiyo.

Sisi tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inakupa haki ya kutaka data yako ifutwe. Nikawaandikia hivyo. Siku ya tisa wakajibu kwamba akaunti "imefungwa". Nikauliza kama kufungwa ndiko kufutwa. Kimya mpaka leo.

Nawapa nyota 2 kati ya 5, zote za ule mstari. Siku hizi nauchora mwenyewe kwenye daftari la hesabu la mwanangu, lile la miraba, naye analalamika kurasa zinaisha.