IPOA: kuripoti ni rahisi, ushahidi ndio hupotea

Hii ni tathmini ya huduma moja tu: kumripoti afisa wa polisi wa Kenya aliyefyatua risasi ikaua au ikajeruhi, kwa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA.

Mapokezi ni mazuri. Unapiga 1559 bila malipo au unafika ofisini, unaeleza kwa mdomo au kwa maandishi. Hakuna ada na huhitaji wakili. Ukitaka jina lako lisitajwe, sema mapema. Kifungu cha 25 cha sheria ya IPOA ya 2011 kinaitaka ichunguze kila kifo na jeraha baya lililosababishwa na polisi akiwa kazini. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi nalo linamtaka mkubwa wa afisa huyo aiarifu IPOA mara moja na alinde eneo la tukio.

Hapo ndipo huduma inapoyumba. Anayetakiwa kulinda eneo ni polisi mwenzake wa huyo aliyefyatua. Rejista ya silaha, inayoonyesha nani alichukua bunduki ipi, akatoka na risasi ngapi na kurudisha ngapi, iko kituoni. Bunduki yenyewe hupimwa katika maabara ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ambao nao ni polisi. Mchunguzi wa IPOA akifika kesho yake, huenda mvua imenyesha na barabara imefagiwa.

Kwa hiyo saa 24 za kwanza ni za familia na mashahidi. Tazama ganda la risasi. La G3, bunduki ndefu ya polisi, lina urefu wa milimita 51, na ubavuni huwa na mistari myeusi iliyonyooka, kwa sababu chemba ya bunduki hiyo ina mifereji. La AK-47 ni fupi, milimita 39. La bastola ya milimita 9 ni 19 tu. Kitakoni mwa ganda kuna alama ya pini ya kufyatulia, na hicho ndicho kinacholifunga ganda na bunduki moja. Rejista kisha huifunga bunduki na afisa. Usiliokote. Weka kalamu kando yake, lipige picha kwa karibu, halafu kwa mbali pamoja na kibanda au nguzo isiyohama. Likiwa hatarini kupotea, lizoe kwa karatasi, litie kwenye bahasha ya kaki, andika saa, mahali na jina la aliyelizoa. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuleta kutu. Ganda lililopita mikononi mwa vijana watano, wakili wa afisa atalipangua kwa dakika chache.

Nguo za aliyepigwa zisifuliwe: masizi ya baruti huonyesha kama risasi ilitoka karibu. Zianikwe kivulini, kisha ziwekwe kwenye karatasi. Aliyejeruhiwa adai P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Kwa marehemu, familia iombe eksirei kabla ya upasuaji ili risasi iliyobaki mwilini ionekane, na ikiweza ilete daktari wake ashuhudie. Andikeni pia jina au nambari iliyo kifuani mwa afisa. Sheria inamtaka aivae ionekane. Na akidai aliamriwa kufyatua, amri ya mkubwa haimwokoi.

Matokeo yapo, ila ni machache mno. Kesi ya Kwale, ya msichana wa miaka 14 aliyeuawa kwa risasi nyumbani kwao Agosti 2014, iliishia Februari 2016 kwa maafisa wawili kufungwa miaka 7. IPOA yenyewe haishtaki. Faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na huko hukaa muda mrefu.

Julai 2025 Rais Ruto alisema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Kauli hiyo inampotosha askari. Jedwali la Sita haliulizi risasi ilielekezwa kiungo gani. Linauliza kwanza kama njia nyepesi zilishindikana, na kama onyo lilitolewa kukiwa na nafasi ya kulitii. Pajani pana mshipa mkubwa wa damu, ukikatika mtu hufa kwa dakika chache. Na risasi ya G3 haiishii mguuni, hupita na kumpata aliye nyuma.

Tunaipa nyota tatu kati ya tano. Nyota ya nne ingekuja siku IPOA itakapokuwa na maabara yake ya kupima silaha. Kwa sasa, ukiripoti, usitoke bila nambari ya malalamiko, na kila unachowakabidhi kiandikwe na kutiwa sahihi, nakala ibaki kwako.