Bomba la daraja la 91: chuma kizuri, ila si cha kila boila

Kwa boila ya kuni ya kiwanda cha chai, iwe Mufindi au Tukuyu, bomba hili la chuma cha aina ya Grade 91 ni kupoteza fedha. Mvuke wa shinikizo la baa 10 una nyuzi 184 tu. Kinachoua bomba huko ni ukoko wa chokaa: joto linashindwa kufika kwenye maji, chuma kinaungua hadi kinavimba. Tibu maji kwanza, ubaki na chuma cha kaboni.

Thamani yake huonekana mvuke ukifika nyuzi 540 hadi 600. Lilibuniwa Oak Ridge, Marekani, miaka ya 1970 kwa ajili ya vinu vya nyuklia: kromu asilimia 8 hadi 9.5, molibdeni karibu 1, na vanadi na niobi kidogo sana. Ndugu yake, Eurofer 97 wa vinu vya myungano (vinavyounganisha viini vya atomi), ana tangsteni na tantali badala ya molibdeni na niobi, ili mionzi yake ishuke upesi zaidi.

Vyote viwili huzeeka namna moja. Nguvu yao iko kwenye punje ndogo za kabidi (kaboni iliyoungana na metali) zinazozuia tabaka za chuma kutelezeana. Baada ya maelfu ya saa motoni, punje ndogo huyeyuka na kubwa hunenepa, kizuizi kinalegea. Molibdeni nayo, au tangsteni, hujitenga na kuunda punje ngumu. Kwa nje bomba ni zima, kumbe ndani limekuwa rahisi kuvunjika. Eurofer ana mzigo wa ziada: nyutroni humfanya mgumu na rahisi kuvunjika, hasa kwenye joto la chini ya nyuzi 350.

Kasoro kubwa kwangu ni uchomeleaji. Kijiti cha kuchomelea cha 6013, kile cha mageti, usikiguse. Kinatakiwa E9015-B91 (zamani kiliitwa B9) kilichokaushwa. Pasha bomba hadi nyuzi 200 au zaidi, lisipoe katikati ya kazi. Ukimaliza, liache lishuke chini ya 100, ndipo ulirudishe kwenye nyuzi kama 760 kwa saa mbili. Wengi huruka hatua ya kupoza, na chuma kinabaki na sehemu ambazo hazijakomaa. Hata ukifuata yote, ufa ukija miaka ya baadaye hujitokeza milimita chache pembeni mwa weldi, pale chuma kilipolainika. Kagua hapo.

Dukani dai cheti cha kiwanda, na uje na kipima ugumu. Chuma kizuri husoma 190 hadi 250 kwa kipimo cha ugumu cha Brinell. Kikisoma chini ya hapo, muuzaji abaki nacho, hata akishusha bei.