Siku ya Mapumziko Baden, Mji wa Maji ya Salfa na Mvinyo Karibu na Vienna

Mgeni anayefika Vienna kwa mikutano ya Umoja wa Mataifa au kwa masomo, kisha akabakiwa na siku moja isiyo na ratiba, kwa kawaida huelekezwa kwenye makasri na makumbusho ya jiji lenyewe. Ushauri wangu ni kwamba siku hiyo aondoke jijini aende Baden, mji mdogo ulioko kilomita 26 hivi upande wa kusini, ambako Warumi walioga maji ya moto yanayobubujika kutoka ardhini na kupaita mahali hapo Aquae. Nimeuzuru mji huu wakati wa kiangazi na wakati wa baridi, na kila mara nimeridhika kwa sababu ileile: maji na mvinyo, ambavyo ndivyo vilivyoupatia sifa, vinafikika vyote kwa miguu, na hakuna hata kimoja kinachofaidiwa kwa pupa.

Treni za kawaida za ÖBB, shirika la reli la Austria, hufika kwa nusu saa au pungufu, lakini mimi hupendelea Badner Bahn, inayoanzia karibu na jumba la Opera katikati ya Vienna, ikapita mitaani kama tramu, kisha ikakata vitongoji na kuishia Josefsplatz, ndani kabisa ya Baden. Safari huchukua saa moja hivi, na abiria hushuka akiwa tayari hatua chache kutoka kwenye mabwawa.

Maji ndiyo sababu ya mji huu kuwapo. Nembo yake, ambayo asili yake ni ya mwaka 1480, inaonyesha mwanamume na mwanamke wakioga pamoja katika pipa. Chemchemi 14 hutoa jumla ya lita milioni 4 hivi kwa siku, na maji hayo hutoka yakiwa na joto linalofikia nyuzi 36, karibu sawa na joto la mwili wa binadamu. Yana salfa nyingi, na harufu yake ni ya yai viza. Asiambiwe mtu kwamba ni harufu hafifu. Baada ya robo saa pua huzoea, na kinachobaki ni ulaini wa maji yenyewe juu ya ngozi na viungo vinavyolegea kimoja baada ya kingine. Vito vya fedha vivuliwe na kuachwa kabatini, kwa kuwa salfa huvigeuza vyeusi.

Mahali pa kuogea mwaka mzima ni Römertherme, iliyofunguliwa mwaka 1999, ambayo ukumbi wake mkuu umefunikwa kwa paa kubwa la kioo. Siku ya baridi kali, kulala chali majini huku mawingu yakipita juu ya kioo ni starehe ninayoipa alama za juu kabisa. Hata hivyo, maji haya yana nguvu: mwogaji akae humo dakika 20 hivi, atoke, apumzike kitini na kunywa maji ya kawaida kabla ya kurudi. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Jambo jingine ambalo wageni wengi hawaelezwi mapema ni kwamba katika sauna za Austria watu huingia bila nguo, wanaume na wanawake pamoja, ilhali kwenye mabwawa kila mtu huvaa nguo za kuogelea. Msomaji aliyelelewa katika staha ya kwetu anaweza kuiacha sauna bila kupoteza lolote la maana, kwa sababu thamani ya Baden iko majini.

Wakati wa kiangazi ningemwelekeza mtu Thermalstrandbad badala yake. Ilijengwa mwaka 1926, ina majengo ya mtindo wa enzi hiyo, mabwawa ya wazi na ufuo wa mchanga uliotengenezwa na binadamu, na familia hushinda hapo kutwa zikiwa na vikapu vya chakula. Ni mahali pachangamfu zaidi, na kwangu ni pazuri zaidi.

Baada ya kuoga, mwili hautaki haraka, nao mji umepangwa kana kwamba unalijua hilo. Moto wa mwaka 1812 uliteketeza sehemu kubwa ya nyumba, na mji ukajengwa upya, kwa mchango mkubwa wa mbunifu Joseph Kornhäusel, kwa mtindo uliotulia unaoonekana hadi leo katika mitaa ya katikati. Kaisari Franz alikuja hapa karibu kila kiangazi kwa miongo kadhaa, na watu wakubwa wa Vienna wakamfuata. Mwaka 2021 Baden iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na miji mingine 10 ya Ulaya iliyokua kutokana na maji ya tiba. Nyumba ya Rathausgasse namba 10, ambako Beethoven alipanga katika majira ya kiangazi ya 1821 hadi 1823 na kufanya kazi ya Simfonia ya Tisa, sasa ni makumbusho madogo yanayostahili saa moja. Kinachonigusa zaidi ni kanisa la Mtakatifu Stefano: mwaka 1791 Mozart alimtungia kiongozi wa kwaya ya kanisa hilo, Anton Stoll, wimbo wa Ave verum corpus, wenye vipimo (bar) 46 tu vya muziki, ambao kwaya za Kikatoliki duniani kote huuimba mpaka leo.

Kwa chakula cha mchana sikubahatika katika mkahawa mmoja wa katikati, ambako keki ilikuwa kavu na bei haikulingana nayo. Ni afadhali kuihifadhi njaa kwa ajili ya Heuriger, yaani kilabu cha mkulima wa zabibu. Desturi hii ilipata nguvu ya sheria mwaka 1784, Kaisari Joseph II alipowaruhusu wakulima kuuza mvinyo wao wenyewe, na hadi leo tawi bichi la msonobari likining'inia mlangoni hujulisha kwamba pamefunguliwa. Wakulima hufungua kwa zamu, hivyo ni muhimu kuangalia kalenda ya wiki hiyo. Agiza Rotgipfler au Zierfandler, zabibu nyeupe ambazo ni fahari ya eneo hili, pamoja na mkate na jibini ya kupaka iitwayo Liptauer. Nyama nyingi ni ya nguruwe, na asiyekunywa pombe aombe maji ya zabibu, ambayo katika Heuriger nyingi hutoka shamba lilelile.

Mwenye nguvu za kutembea aende hadi kijiji cha Sooß kwa njia inayokatiza mashamba ya mizabibu. Mvinyo uje baada ya kuoga, kamwe usitangulie, kwa kuwa pombe na maji ya moto vikikutana huleta kizunguzungu. Abebe pia fedha taslimu, kwa maana si kila mkulima anapokea kadi.