Èze, kijiji cha mlimani kati ya Nice na Monaco: uzoefu wangu

Èze ni kijiji cha mawe kilichokaa juu ya jabali kusini mwa Ufaransa, mita 400 na ushei kutoka usawa wa bahari. Wengi hurudi wakilalamikia joto, msongamano na basi lililopita limejaa. Mimi nakipenda sana, na naona malalamiko hayo mengi yanatokana na saa na njia. Panda kwa basi asubuhi, shuka kwa miguu.

Kutoka Nice, tramu ya laini ya 1 inakufikisha kituo cha Vauban. Hapo unachukua basi namba 82. Usichanganye kijiji na stesheni ya treni ya Èze-sur-Mer: stesheni iko chini ufukweni, na ukishuka hapo una saa nzima au zaidi ya kupanda mlima. Gari binafsi silishauri. Maegesho ni machache, hujaa mapema, na vichochoro vya kijiji havipitiki kwa gari. Hata kigari cha mtoto ni mzigo, maana ngazi haziishi, mbebe mgongoni.

Ukivuka lango, acha maduka kwanza, nyoosha hadi kileleni kwenye Jardin exotique, bustani inayofunguliwa saa 3 asubuhi, kabla vikundi vya watalii havijamiminika. Ipo juu ya magofu ya ngome ambayo Mfalme Louis XIV aliamuru ibomolewe mwaka 1706. Kuna kiingilio, nami ningelipa tena bila kusita. Mteremko unatazama kusini, maji hayatuami mwambani na baridi ya kugandisha ni nadra, kwa hiyo dungusi kakati, mishubiri na jamii za mkonge zinastawi hadi ukingoni mwa genge. Anga ikiwa safi kabisa, kisiwa cha Corsica huonekana kwa mbali. Ukishuka, pitia kanisa la Notre-Dame: nje ni la kawaida, ndani limenakshiwa sana.

Njia ya kurudi ni Chemin de Nietzsche, njia ya miguu inayoteremka hadi ufukweni, yenye jina la mwanafalsafa aliyekuwa akikaa Nice majira ya baridi miaka ya 1880. Hesabu dakika 45 hadi saa moja. Kinachoangusha watu ni kokoto zilizolegea juu ya mawe laini ya chokaa: zinabingirika chini ya soli, na mvua ikinyesha mawe yenyewe yanateleza. Vaa viatu vyenye meno, piga hatua fupi, usiharakishe kwenye kona. Kivuli ni haba, duka hakuna. Beba lita moja ya maji kwa kila mtu, na kiangazi uwe umemaliza kushuka kabla ya adhuhuri. Ukikuta tangazo la kufungwa kwa sababu ya mawe kuporomoka au hatari ya moto, litii, urudi kwa basi.

Chini, kwenye stesheni ya Èze-sur-Mer, treni ya kwenda Nice huchukua kama robo saa. Soma ubao kabla ya kupanda, kwani zinazoelekea upande mwingine huenda Monaco na mpakani mwa Italia.