TAHADHARI: Plagi kuukuu zinasuguliwa na kuuzwa kama mpya

Madereva wa boda, mafundi na wenye pikipiki, kuweni macho. Kuna wauzaji wa mkononi wanaopita vijiweni na kwenye magereji na plagi (zile zinazotoa cheche ya kuwasha injini) za "NGK orijino", chapa inayojulikana, kwa bei ya kutupa. Boksi ni jipya, kilichomo si kipya. Nyingine ni plagi kuukuu zilizopigwa mchanga na brashi ya waya mpaka zikang'aa, nyingine ni feki tangu kiwandani. Zote zinawaka siku ya kwanza, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Boksi halithibitishi chochote, maana linachapishwa popote. Toa plagi yenyewe, uanze na washa, yaani pete ya chuma iliyo chini ya nati. Washa ya plagi mpya ni bati lililokunjwa, imetuna na ndani ina uwazi. Ikishafungwa mara moja hubonyea na kuwa bapa, wala haituni tena. Ukikuta washa bapa kwenye plagi "mpya", rudisha hapo hapo. Kwenye NGK halisi washa inazunguka lakini haichomoki kwa kuvuta. Kwenye feki nyingi inadondoka yenyewe ukiinamisha plagi. Wajanja wengine hubadilisha washa, kwa hiyo angalia pia kona za nati: spana huacha alama, na rangi ya juu haizifichi vizuri.

Kisha tazama ncha. Elektrodi ya kati (kijiti cha chuma cha katikati) ya plagi mpya ina uso bapa na ukingo mkali, kama imekatwa sasa hivi. Iliyotumika inakuwa mviringo, na cheche huruka kwa shida kutoka kwenye mviringo. Elektrodi ya pembeni nayo ikae katikati sawasawa. Ikipinda upande, iache. Halafu chungulia ndani, pale kaure (ile sehemu nyeupe ya kauri) inapozama kwenye chuma. Brashi ya waya huacha mistari myembamba ya kijivu juu ya kaure, na huo ni unga wa chuma unaopitisha umeme, hivyo cheche inavuja kabla ya kufika nchani. Gonga plagi kwenye kiganja. Chembe za mchanga zikitoka, jua kwamba zilizobaki zitaangukia kwenye silinda na kukwaruza ringi na laina.

Mwenye mita ya kupimia umeme apime pia. Plagi yenye herufi R katika namba yake (kama CR7HSA) ina rezista ndani: toka kichwani hadi elektrodi ya kati isome karibu na omu 5,000. Ikisoma sifuri, R hiyo ni ya kuchapisha tu. Isiposoma kabisa, rezista imekatika.

Mtego mwingine hauhusu ufeki. C7HSA na CPR8EA-9 zote zina thredi ya milimita 10 na zinafungwa kwa spana ya 16, kwa hiyo muuzaji atakwambia "zote kumi, inaingia". Kuingia inaingia. Lakini herufi H maana yake shingo (urefu wa sehemu yenye thredi) ya milimita 12.7, na E ni milimita 19. Ukiweka fupi kwenye hedi (kichwa cha injini) ya ndefu, cheche inawakia ndani ya tundu, pikipiki inakosa nguvu, na kaboni inajaa kwenye thredi zilizobaki wazi. Siku utakayorudisha ile sahihi, itagoma kuingia, na fundi mwenye haraka atakuharibia thredi za hedi. Ukiweka ndefu kwenye hedi ya fupi, pistoni inaweza kuigonga. Fuata namba iliyo kwenye kitabu cha pikipiki, si maneno ya muuzaji.

Kama tayari umefunga moja na pikipiki inamisi, usikimbilie kununua CDI (kifaa kinachoongoza cheche) wala koili. Hapo ndipo hasara inapoongezeka: plagi ya bei chee inakununulisha koili ambayo haikuwa mbovu. Subiri injini ipoe, kwa sababu hedi ya alumini ikiwa ya moto thredi huchunika. Toa plagi uisome. Kaure ya kahawia hafifu ni nzima. Masizi meusi makavu ni petroli kuzidi, eya klina kuziba, au cheche dhaifu. Nyeusi yenye oili mbichi ni ringi au sili za valvu, na hapo hata plagi kumi hazitakusaidia. Weka plagi ya uhakika: pikipiki ikitulia, mkosaji umempata.

Kaure nyeupe kabisa yenye vitone vilivyoyeyuka ndiyo ya kuogopa. Plagi halisi ina kiini cha shaba kinachotoa joto nchani; feki nyingi hazina. Ncha inabaki nyekundu, inawasha mchanganyiko kabla ya cheche, na mwisho wake ni pistoni kutoboka. Ila kagua kwanza kama manifoldi (bomba kati ya kabureta na injini) inavuta hewa au jeti (tundu la petroli kwenye kabureta) imeziba, kwani nazo huleta weupe huohuo.

Unapofunga mpya, zungusha kwa mkono mpaka ikae, kisha spana nusu mzunguko. Basi. Pengo kati ya elektrodi mbili, kwa mfano kwenye plagi ya D8EA, ni milimita 0.6 hadi 0.7, pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia), si kwa jicho.

Nunua dukani penye risiti, na risiti iandikwe namba ya plagi, si "plagi 1". Ukiuziwa feki, usiitupe wala boksi lake: Tanzania peleka Tume ya Ushindani (FCC), Kenya peleka Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Na mafundi, plagi mnazotoa vunjeni kaure kwa nyundo kabla ya kuzitupa, kwa sababu mzigo wa hawa jamaa unaokotwa kwenye ndoo zenu za taka.