Helicon Focus na treni yangu ya mezani: uzoefu wangu

"Picha nzuri, lakini bado ni kidude cha kuchezea." Maneno ya mke wangu hayo, na sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimekesha usiku mbili nikiipaka unga wa chaki injini yangu ya mvuke, BR 50 ya Kijerumani ya kipimo cha HO, yaani 1:87 (ndogo mara 87 kuliko treni halisi), ili plastiki ising'ae. Kwa macho, ungeapa kutu ile ni ya kweli. Kwenye picha, uso wa injini safi, kuanzia dirisha la dereva kwenda nyuma ukungu mtupu.

Ukungu huo ndio unaotoboa siri. Treni halisi unaipiga ukiwa mbali, inatoka safi yote. Yangu ina sentimita 26 tu na kamera iko kiganja kimoja mbele yake, kwa hiyo lenzi inashika ncha moja na kuiacha nyingine. Nilibana tundu la lenzi mpaka f/22, yaani dogo sana. Ukungu ulipungua, lakini picha nzima ikakosa makali.

Ndipo nikaijaribu Helicon Focus, programu ya kuunganisha picha. Unapiga picha nyingi bila kugusa chochote isipokuwa fokasi, unayoisogeza kidogo kila mara, halafu programu inachota sehemu kali ya kila picha na kukuundia moja. Kwa kazi hii niliacha kamera kubwa nikachukua simu. Lenzi ya kamera ikilala mezani, kitovu chake kiko kama sentimita 4 juu. Zidisha kwa 87, unatazama stesheni ukiwa mita tatu na nusu hewani, kama twiga! Simu ukiigeuza kichwa chini, ukaiegemeza kwenye kifuko cha mchele, lenzi inashuka hadi sentimita 2, kimo cha abiria wangu wa plastiki.

Nilipiga picha 14. Nilipofika ya tisa nikaegemea meza, na mshika bendera akatoka na vichwa viwili. Programu inasawazisha kamera iliyotikisika kidogo, ila sanamu iliyohama mahali pake haina dawa. Rudia.

Kuna njia tatu za kuunganisha, A, B na C. B ilinipa rangi tulivu, lakini pale vishikio vya waya vinapokatiza mbele ya bwela (tangi la kuchemshia maji ya mvuke) kingo zikafanya utando. C iliusafisha, ingawa chengachenga ziliongezeka angani. Siku hizi naanza na C.

Taa iwe moja tu. Vivuli viwili kwa mtu mmoja vinamaanisha jua mbili. Kununua leseni si bei ya karanga, ila kuna kipindi cha kujaribu bure, kitumie chote.

Ubaya wa makali haya ni kwamba hayachagui. Unywele mmoja wa paka ulionekana kama waya wa umeme ulioangukia reli. Brashi ya poda ya mke wangu sasa inakaa kwenye meza ya treni, na bado hajaiulizia.